Simu Kutoka Mahabusu

Kwetu Tunduma, simu huvuka mpaka bila mwenye simu kunyanyuka. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akiweka simu yake dirishani anapopika, na mara ujumbe unaingia: karibu Zambia. Mama hajaenda Zambia. Ni minara ya Nakonde tu iliyosikika vizuri kuliko ya kwetu siku hiyo. Alikuwa akicheka, anaihamishia simu dirisha la upande wa pili, na Tanzania inarudi.

Kwa hiyo namba inayoanza na +260 haikuwa jambo geni nyumbani. Usiku mmoja namba kama hiyo ilipopiga, mama aliogopa matapeli. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ulikuwa umeshawaliza majirani zetu kadhaa. Akakata. Ikapiga tena, akakata tena. Mara ya tatu akapokea ili amtukane mpigaji, na sauti ikamwita kwa jina la utotoni ambalo wanalijua ndugu zake wa tumbo moja tu.

"Dada, mimi ni mzima. Niko mahabusu. Msinitafute tena hospitali."

Simu ikakatika. Alikuwa mjomba wangu, dereva wa lori, aliyepotea kwa siku sita. Tulikuwa tumeshauliza hospitalini, kwa madereva wenzake kwenye foleni ya malori ya Mpemba, na hata chumba cha maiti. Hakuna mtu aliyekuwa ametuambia kwamba ameshikiliwa. Simu aliyotumia ilikuwa ya nani, hakusema siku ile, wala hajasema hadi leo. Tunachojua ni kwamba haikutakiwa kuwa mle ndani.

Mwaka huu, katika semina ya uzamili, tulijadili kanuni ambazo nchi mbalimbali zimejiwekea za kuzuia mawimbi ya simu magerezani. Wenzangu wengi walikubaliana haraka: mfungwa na simu wapi na wapi? Zimeni mtandao, mambo yaishe. Mimi nilinyamaza. Baadaye nilikwenda maktaba kutafuta jambo moja: tangu lini dola, huku kwetu mpakani, ilianza kuamua nani asikie na nani asisikie.

Mpaka wenyewe uliwekwa na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Miaka tisa baadaye, Machi 1899, Cecil Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm wa Pili. Alikuwa na ndoto ya waya wa telegrafu kutoka Cape hadi Cairo. Waya huo ulikuwa umepanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, lakini ili uendelee kaskazini ulilazimika kuingia katika ardhi ya Wajerumani. Hata Rhodes, ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba ruhusa, aliomba. Waya una nguzo, na nguzo husimama kwenye ardhi ya mtu.

Kisha ikaja Novemba 1918. Jeshi la Lettow-Vorbeck, likitokea upande wetu, lilishambulia Fife, kituo cha Waingereza kisicho mbali na Nakonde ya leo, kisha likaendelea kuelekea Kasama. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11. Jeshi hilo lilipata habari tarehe 13. Kwa siku mbili askari na wapagazi waliendelea kuishi katika vita ambavyo havikuwapo tena, kwa sababu tu habari haikuwa imewafikia. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama, aliyemlilia kwa siku sita ndugu ambaye hakuwa amekufa.

Magereza ya Tanganyika yalitenganishwa na polisi na kuwa idara inayojitegemea mwaka 1931. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, ambayo mpaka sasa ndiyo msingi wa Jeshi la Magereza. Sheria hiyo iliandikwa katika dunia ya barua. Barua ina mlango wa kuingilia. Ofisa anaifungua, anaisoma, anaamua ipite au isipite. Mgeni naye ana mlango: anaandikishwa, anapekuliwa, anaongea askari akiwa karibu. Mawasiliano yote yalipita mahali ambapo mtu angeweza kusimama na kuyazuia.

Simu za mkononi zilipoanza kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, mlango huo ulipoteza maana. Simu yenyewe bado ni kitu, inaweza kukamatwa ikiwa imefichwa ndani ya mkate au soli ya kiatu. Lakini ikishapita, sauti haihitaji mlango. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuzuia mawimbi badala ya simu.

Mtambo wa kuzuia hauna maajabu. Unapiga kelele. Unatoa mawimbi katika masafa yaleyale ambayo mnara hutumia, kwa nguvu ya kutosha kuifanya simu isiusikie mnara, kama redio ya jirani inavyozima mazungumzo yenu ya sebuleni. Tatizo ni kwamba kelele haijui ukuta wa gereza unaishia wapi.

Ndiyo maana nchi zimepishana. Marekani ilikuwa na Sheria ya Mawasiliano tangu mwaka 1934, na sheria ya shirikisho inakataza mtu yeyote kuvuruga kwa makusudi mawasiliano ya redio yenye leseni. Magereza ya majimbo yakajikuta yamezuiwa pia. Mwaka 2010 huko South Carolina, ofisa wa magereza Robert Johnson, aliyekuwa akipambana na vitu vya magendo gerezani, alipigwa risasi sita nyumbani kwake katika shambulio lililopangwa kwa simu iliyoingizwa gerezani. Alipona, na tangu hapo amekuwa akidai mawimbi yazimwe. Septemba 2025 ndipo tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipopitisha pendekezo la kufungua njia hiyo.

Uingereza ilitunga sheria mahususi mwaka 2012. Inaruhusu magereza kuvuruga mawimbi, lakini kwa masharti ya kuhakikisha kwamba watu walio nje hawaathiriki kupita kiasi. Brazil, mwaka 2016, mahakama kuu ya nchi ilibatilisha sheria za majimbo zilizoyalazimisha makampuni ya simu kuzima mtandao magerezani, kwa kuwa mawasiliano ni mamlaka ya taifa zima. Na jirani zetu wa Kenya wanajua jinsi jina la Kamiti lilivyogeuka karibu kisawe cha simu za utapeli.

Siwezi kumwambia Johnson, wala bibi wa Nairobi aliyeibiwa akiba yake, kwamba hatari hiyo ni ya kufikirika. Si ya kufikirika.

Lakini nirudi Tunduma. Hapa kwetu masafa yanatumika kwa leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na msimamizi wake ni TCRA. Tuseme kesho chombo chochote cha dola kinataka kuzima simu katika jengo moja la mji huu. Akizima mitandao ya Tanzania peke yake, aliye ndani anaweka laini ya Zambia na kuongea. Akizima na ya Zambia, amegusa masafa ambayo leseni zake zimetolewa Lusaka, na katiba ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano inazitaka nchi wanachama zisivurugane. Rhodes aliomba ruhusa kwa ajili ya nguzo. Sisi tungelazimika kuiomba kwa ajili ya kelele.

Na kelele hiyo ingemfikia nani? Tunduma nyumba zimebanana. Nje ya ukuta kuna wakala wa kutuma fedha mwenye meza na mwavuli. Kuna mbadilisha fedha anayeuliza bei ya kwacha kwa simu. Kuna dereva anayemtafuta wakala wa forodha, na mama mjamzito anayempigia mwenye bajaji saa nane za usiku. Hakuna kati yao aliyehukumiwa.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo sikuweza kulisema kwenye semina. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki yake. Mjomba hakuwa mfungwa. Hakuwa hata amefikishwa mahakamani. Ile simu ya sekunde chache ilivunja kanuni za mle ndani, na wakati huohuo ilitekeleza haki ambayo mtu mwingine alitakiwa kumpa siku ya kwanza. Kama kungekuwa na mtambo juu ya lile paa, ungefanya kazi yake barabara, na sisi tungeendelea kuzunguka vyumba vya maiti.

Uingereza hiyohiyo yenye sheria ya mwaka 2012 ilianza baadaye kuweka simu halali za waya ndani ya vyumba vya wafungwa, zenye namba zilizoidhinishwa na zinazoweza kusikilizwa. Ni ile barua ya zamani imerudi, na mlango wake. Kwangu mimi hapo ndipo kanuni yoyote ya kuzuia ilipaswa kuanzia. Kabla hujaziba dirisha, onyesha mlango uko wapi, na nani anaushika ufunguo.

Mjomba aliachiwa bila kushtakiwa. Amerudi barabarani, na sasa kabla ya kila safari anamwachia mama karatasi yenye namba ya tajiri wake, ya utingo, na ya wakili mmoja wa Vwawa. Mama ameibandika ukutani jikoni, karibu na lile dirisha. Na namba za +260 anazipokea zote, hata za matapeli.