Jumbo ya 1974 na king'ora kilichokosekana

Wadau wa Meru na Embu, tukienda ng'ambo wengi wetu hupandia ndege Nairobi. Hapo ndipo Boeing 747 ilipopata ajali yake ya kwanza ya kuua watu, Novemba 20, 1974. Jumbo ya Lufthansa ilikuwa ikielekea Johannesburg; kati ya watu 157, walikufa 59. Vali za hewa inayosukuma vibawa vidogo vya mbele hazikuwa zimefunguliwa. Ikapaa kidogo, ikaanguka. Mhandisi aliyekuwa ndani alilaumiwa. Sawa, alisahau, lakini mbona mashine ilikubali kuruka bila kupiga kelele? Sisi waandika programu tungeiita kasoro ya usanifu. Boeing yenyewe baadaye iliongeza onyo kwa marubani, na jumbo ikaendelea kuaminiwa.