Bahari Iliyofungiwa Mlango

Miji mingi hujengwa kuifuata bahari; michache ndiyo iliyoshuhudia bahari ikiondolewa mbele yake. Hayo ndiyo yaliyoifika miji ya Hoorn na Enkhuizen, kaskazini mwa Uholanzi.

Miji hiyo ilikuwa na matawi ya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, na meli zake zilitweka tanga hadi Asia. Hata Rasi ya Horn, kusini kabisa mwa Amerika, ilipewa jina la mji wa Hoorn na mabaharia wa Kiholanzi mwaka 1616. Njia ya kutokea ilikuwa Zuiderzee, ghuba ya maji ya chumvi iliyopenya hadi katikati ya nchi.

Ghuba hiyo ililisha, na pia iliua. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Januari 1916, dhoruba ilibomoa matuta na kugharikisha vijiji. Mwaka 1918 ikapitishwa sheria ya kuifunga, kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely, aliyekuwa waziri. Lely alifariki mwaka 1929, kabla ya kuuona mwisho wa kazi yake. Tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho lilizibwa, na tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, likaitenga ghuba na bahari. Baada ya miaka michache, chumvi ilitoweka. Ghuba ikawa ziwa, likaitwa IJsselmeer.

Kiangazi kimoja, mimi na marafiki watatu tulikodi mashua ya tanga, tukatoka Hoorn, tukapita lango la maji la Enkhuizen, ambako vyombo huelea juu na magari hupita chini yake, hadi Urk. Kwa sisi tuliolelewa na maji kujaa na kupwa, ilikuwa ajabu kuona bandari za kale ambazo maji yake hayajui bamvua.

Urk kilikuwa kisiwa hadi mwaka 1939, kilipounganishwa na bara. Wavuvi wake waliishi kwa samaki wa maji chumvi waliokuja Zuiderzee kutaga mayai. Mlango ulipofungwa, samaki hao hawakurudi. Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kuwafidia wavuvi mwaka 1925, lakini fidia haimrudishii mtu bahari yake. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: palipovuliwa samaki pakalimwa ngano na viazi, na mkoa mpya wa Flevoland, ulioanzishwa mwaka 1986, una wakazi zaidi ya 400,000.

Hata hivyo, Mgala muue na haki umpe. Mafuriko ya mwaka 1953 yaliua watu 1,836 nchini Uholanzi, hasa kusini-magharibi. Kando ya ziwa hili, tuta la Lely lilistahimili. Usalama wa wengi ulipatikana, na gharama yake ikaangukia vijiji vichache vya wavuvi.

Watu wa Urk hawakuuacha uvuvi. Walitafuta meli kubwa zaidi, wakaenda kuvua Bahari ya Kaskazini, nje ya tuta lililowafungia. Nalo tuta hilo sasa limelazimika kuimarishwa, kwa kuwa kina cha bahari kinazidi kupanda. Mataifa mengine yanayojenga kuta za bahari yatakabiliwa na swali lile lile la mwaka 1918: nani atalindwa, na nani atalipa?