Sheria na Maadili ya Famasia: Istilahi Moja, Masomo Mawili

Mfamasia wa Tanzania akiletewa tangazo la mafunzo, hukuta juu yake mojawapo ya majina haya: mafunzo endelevu, elimu endelevu, elimu ya kujiendeleza, mafunzo kazini, au lile refu zaidi, maendeleo endelevu ya kitaaluma. Akiwa na wenzake hatumii hata moja. Atasema "Jumamosi nina CPD", ufupisho wa Kiingereza wa lile jina refu, au atasema "semina" tu, na wote wataelewa. Jambo lenyewe ni moja: masomo anayotakiwa kuyafuata mtu aliyekwisha kuhitimu, akasajiliwa na kupewa leseni, ili aendelee kuruhusiwa kugusa dawa za watu. Ndani ya masomo hayo kuna fungu linalotajwa kwa pumzi moja, sheria na maadili ya famasia, na hilo ndilo ninalotaka kulifungua. Lakini kwanza tuondoe ukungu kwenye jina la mafunzo yenyewe.

Neno endelevu halina kosa la kisarufi. Legea imezaa legevu, potea ikazaa potevu, na endelea ikazaa endelevu kwa njia ileile. Shida ni kwamba neno hili limeshapata mwenyewe. Wanamazingira walilichukua zamani, na tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, msomaji wa kawaida akiliona anafikiria misitu, samaki wasiomalizwa ziwani na umeme wa jua. Mwambie "elimu endelevu kwa wafamasia" anaweza kudhani mnafundishwa kutupa dawa zilizokwisha muda bila kuchafua mto. "Maendeleo endelevu ya kitaaluma" ndiyo imezidi, kwa sababu maneno yake mawili ya kwanza ni yaleyale ya Umoja wa Mataifa.

"Kujiendeleza" nako kuna mtego wake. Kwetu mtu anayejiendeleza ni yule aliyekuwa na cheti akarudi chuo kutafuta diploma, kwa hiari yake na mara nyingi kwa fedha yake. Asipokwenda, hakuna anayemuuliza. Mafunzo tunayoyazungumzia hapa si ya hiari. Ni sharti la leseni. Kuyaita kujiendeleza ni kama kuita kodi mchango.

Mimi ninachagua "mafunzo endelevu". Sababu ni ya matumizi kuliko mantiki: walimu wamekwisha kulizoeza taifa neno hilo kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na hakuna mwalimu anayedhani MEWAKA ni upandaji miti. Neno likishakaa midomoni kwa kazi fulani, mtunga istilahi mwenye akili halipigi vita. Tena "mafunzo" yanafaa kuliko "elimu", kwa kuwa hapa kuna mkufunzi, kuna saa na kuna pointi zinazohesabiwa.

Ila kuna tofauti moja ambayo Kiswahili bado kinaifunika. Shirikisho la Kimataifa la Famasia, FIP, katika tamko lake la mwaka 2002, lilisisitiza kwamba kukuza weledi ni wajibu wa mfamasia mwenyewe, kwa mpango, katika maisha yake yote ya kazi. Yaani ajikague ajue anapopwaya, apange cha kujifunza, ajifunze, kisha apime kama kazi yake imebadilika. Kuhudhuria mafunzo ni hatua moja tu ya mzunguko huo. Tunapoita vyote "semina", tunabakiza ile hatua ya kukaa kwenye kiti.

Sasa tuje kwenye sheria. Kwa nini mtu aliyefaulu mtihani wa sheria chuoni afundishwe tena? Mchukue aliyehitimu mwaka 2010. Sheria ya Famasia aliyoisoma ilikuwa ya mwaka 2002. Mwaka uliofuata Bunge likatunga nyingine, Sheria Namba 1 ya mwaka 2011, ambayo Baraza la Famasi linaifanyia kazi hadi leo. Sheria ya dawa za kulevya aliyoikariri ilikuwa ya mwaka 1995. Mwaka 2015 ikaja mpya, pamoja na mamlaka mpya ya kuisimamia. Mdhibiti wa dawa aliyemjua alikuwa TFDA, aliyeshika dawa, chakula na vipodozi. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango, na mdhibiti akawa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ghafla daftari la wagonjwa lililokuwa limelala wazi mezani likawa jambo la kisheria, maana taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Mhitimu wetu hakusahau kitu. Alichokijua ndicho kilichobadilika.

Hapo ndipo mkufunzi anapopaswa kutenganisha maneno ambayo watu huyachanganya. Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria hiyo, na huwa na nguvu ya kisheria. Mwongozo hutolewa na chombo cha usimamizi kueleza namna ya kutekeleza. Mkaguzi akiingia dukani, inafaa ujue anachokitegemea ni kipi kati ya hivyo vitatu. Nimewahi kusikia mtu mzima, mwenye leseni, akiita tangazo la ubaoni "sheria".

Na kuna jozi nyingine: famasia na famasi. Famasia ni taaluma, ndiyo maana mwenye taaluma ni mfamasia. Famasi ni duka. Jina rasmi la baraza letu limechukua umbo la pili, Baraza la Famasi, huku sheria ikiitwa ya Famasia. Sitaanzisha ugomvi, ila mwandishi wa vitabu vya mafunzo ashike tofauti hiyo, maana "sheria ya famasi" inaweza kueleweka kuwa ni masharti ya jengo, friji na rafu peke yake. Wakenya wao wana Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya Sura ya 244 ya sheria zao, na lile neno sumu ni urithi wa Waingereza, waliotunga Sheria ya Famasia na Sumu kwao mwaka 1933. Sheria yetu ya mwaka 1978 nayo ilibeba sumu kwenye jina lake. Ni neno kali, lakini lilisema kweli ambayo jina la sasa limeilainisha: kinachouzwa pale kaunta kinaweza kuua.

Tukifika kwenye maadili, Kiswahili kina utajiri ambao wakufunzi wengi hawautumii. Maadili yanatokana na adili, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu haki na unyofu. Ni neno pana, la kutazama mbele: linaeleza mtu awe wa namna gani. Kando yake kuna miiko, neno la Kibantu, ambalo ni la kukataza: hiki hakifanywi, basi. (Mwiko wa kusongea ugali ni ndugu yake wa jina tu, na wanafunzi hawakosi kulichekea.) Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kumiliki hisa na kuwa na mishahara miwili, masharti yale yaliitwa miiko ya uongozi, na kila mwananchi alielewa kwamba hapakuwa na mjadala.

Famasia inahitaji maneno yote mawili, kila moja mahali pake. Kukodisha cheti, yaani mfamasia kuacha cheti chake kining'inie ukutani kwenye duka asilolikanyaga huku mwenye duka akimlipa kila mwezi, ni mwiko. Hakuna cha kutafakari hapo, na sidhani kama yupo mfamasia anayefanya hivyo kwa kutojua sheria. Kumfundisha tena kifungu ni kupoteza saa. Anayehitajika hapo ni mkaguzi. Maadili yana kazi nyingine, tena ngumu zaidi. Yanaanza pale sheria inapokuwa imeridhika na bado mtu mbele yako ana tatizo.

Tazama kaunta yoyote ya Mbagala au Mwanza saa moja jioni. Mama ameingia na mtoto mgongoni. "Dokta, nipatie amoksilini za buku." Hana cheti cha daktari. Sheria iko wazi kwa famasi: antibayotiki haitoki bila cheti. Anayefuata sheria anasema hapana, na kisheria amemaliza. Mama anatoka, anavuka barabara, na duka la pili mkasi unakata vidonge vinne kutoka kwenye pakiti. Kipande anachopewa hakina jina la dawa wala tarehe ya kuisha muda, kwa sababu vilibaki kwenye kipande kingine. Maadili yanauliza kama ile "hapana" ilikuja na swali lolote kuhusu mtoto: ana homa tangu lini, anapumua vipi, ananyonya? Je, alielekezwa zahanati iliyo wazi saa hiyo?

Sasa badilisha kitu kimoja. Mama anacho cheti, kimeandikwa vizuri, dozi ya siku tano, ila mkononi ana fedha ya siku mbili. Sheria haina ugomvi tena, cheti kipo. Ukimpa nusu dozi unalisha usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule ambao Wizara ya Afya imeupa jina la UVIDA. Ukimnyima, mtoto analala bila dawa. Unaweza kumpigia aliyeandika cheti na kuomba dawa ya bei nafuu inayofaa. Unaweza kumpa ya siku mbili, ukaandika deni la nyingine kwenye daftari na kumweleza kwa nini lazima arudi kesho kutwa. Mwenye duka, ambaye si mfamasia, ana maoni yake kuhusu deni hilo. Hakuna kifungu kitakachokuamulia, na hakuna mkufunzi awezaye kukupa jibu la kukariri. Anachoweza ni kukukalisha na wenzako mkalibishania suala hilo mpaka kila mmoja aseme kwa sauti angefanya nini na kwa nini.

Au binti amenunua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mchana; jioni baba yake, mteja wa miaka mingi, anauliza, "Mwanangu alikuja kununua nini hapa?" Sheria ya taarifa binafsi inakupa jibu la kukataa. Haikupi sauti ya kulitamkia jibu hilo bila kumfanya baba aelewe kila kitu kutokana na kigugumizi chako.

Anayekutana na maswali haya mara nyingi si mfamasia. Ni fundi dawa sanifu, fundi dawa msaidizi, au mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu, yale maduka yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Neno fundi linawaudhi baadhi yao, kwa sababu mtaani fundi ni wa baiskeli na wa cherehani. Lakini "fundi sanifu" ni cheo cha kitaaluma cha siku nyingi, na sioni aibu katika jina linalosema mtu anajua kazi ya mikono yake. Linalopaswa kuwaudhi ni kwamba mteja anawaita wote "dokta", na wachache ndio wanaomsahihisha. Kupokea cheo usicho nacho ni swali la maadili la kwanza kabisa kaunta pale.

Marekani wametenganisha mambo haya kwa namba. Baraza la ithibati ya elimu ya famasia huko, ACPE, huipa kila kozi msimbo: 03 ni sheria, na mwishoni P kwa wafamasia au T kwa mafundi. Fundi mwenye cheti cha PTCB, bodi ya huko inayothibitisha mafundi wa famasia, anatakiwa saa 20 kila baada ya miaka 2, na moja kati yake iwe ya sheria. California inadai saa 30 kwa mfamasia katika muda huohuo, na tangu mwaka 2019 saa 2 kati ya hizo ni za sheria na maadili, zinazotolewa na bodi ya jimbo yenyewe. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba hakuna anayeweza kusema hakujua. Udhaifu wake unaonekana kwenye msimbo wenyewe: sheria ina namba, maadili hayana yake, yamekaa kwa kujibanza.

Kwetu nako yanajibanza, bila hata msimbo. Ratiba ya semina huandika "Sheria na Maadili, saa 3:00 hadi 5:00". Mtoa mada anasoma vifungu ukutani hadi saa 4:40, anataja maadili kwenye ukurasa wa mwisho kwa maneno kama uadilifu, utu na uwajibikaji, ambayo hakuna anayeyapinga, kisha chai. Ile "na" iliyo katikati ya istilahi imebeba masomo mawili yenye mbinu tofauti za kufundisha, na moja linamezwa na lingine.

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo haya ni la ratiba zaidi kuliko la lugha. Jina liandikwe hivi: mafunzo endelevu ya sheria na maadili ya famasia. Kisha sheria ipewe saa yake, na mtihani wake wa kuchagua jibu. Miiko ichapwe kwenye karatasi moja ibandikwe ukutani kando ya leseni, mahali mteja anapoweza kuisoma. Maadili yapewe saa nzima ya visa vya kaunta, bila mtihani, wafamasia na mafundi wakiwa chumba kimoja, na mwenye duka akaribishwe akae nao.