Redio ya ndege kwenye mtumbwi? Tumuulize Nahodha Berndt

Juzi usiku ubishi ulizuka hosteli. Mshikaji mmoja wa Kyela alisema ndege zinapita juu ya Ziwa Nyasa, basi kwa nini boti zisibebe redio za ndege za kuitia msaada? Wengi walicheka. Mimi nikakumbuka historia.

Turudi 1914. Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti. Nyasaland, yaani Malawi ya leo, habari ilifika kwa simu ya waya. Upande wetu, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, leo Liuli. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari. Tarehe 13 Agosti akatokea Rhoades na meli ya Kiingereza Guendolen, akafyatua mzinga. Hawa walikuwa marafiki wa kunywa pamoja! Inasimuliwa kwamba Berndt alidhani mwenzake kalewa. Vita ina siku 9, yeye hajui. Akaishia mateka.

Tarehe 30 Julai 1946, msimu wa upepo wa mwera, MV Vipya ilizama upande wa Malawi. Watu 145 walikufa.

Sasa hoja ya mshikaji. Dharura za ndege huitwa kwenye masafa ya 121.5 megahezi, kwa AM. Vyombo vya majini hutumia chaneli 16, megahezi 156.8, kwa FM. Rubani aliye juu angeweza kukusikia kutoka mbali, maana milima ya Livingstone haimzibi. Lakini boti iliyo mita 500 tu kutoka kwako, yenye redio ya majini, haisikii kitu. Na rubani hawezi kukurushia kamba. Atapeleka taarifa tu, halafu lazima kuwe na mtu ufukweni mwenye boti na mafuta.

Kwa hiyo mshikaji hakukosea sana, ila ameanzia mwisho. Kina mama wa Ikombe wanapopeleka vyungu Matema kwa mtumbwi na mwera ukaamka, swali la kwanza ni nani anasikiliza. Berndt hakukosa meli wala ujasiri. Alikosa mtu wa kumwambia.

Naomba kuwasilisha. Ubishi uendelee kantini!