Mchimbaji wa Lupa: Mtumishi au Mwenye Biashara Yake?

Mtu akikufanyia kazi, nawe ukamwambia, "Wewe si mtumishi wangu, u mwenye biashara yako," je, neno hilo lakutoa katika haki zake? Swali hili laulizwa leo juu ya waendesha bodaboda wa Mbeya na Iringa, lakini si jipya. Tulitazame kwanza katika machimbo ya Lupa, Wilaya ya Chunya.

Dhahabu ilivumbuliwa Lupa mwaka 1922. Uingereza ilipoacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu mwaka 1931, bei ilipanda, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika huko, wengi wao wakiwa na mtaji mdogo. Kazi ya sururu na koleo waliifanya Waafrika, wakiwamo vijana wa Kinyakyusa kutoka Rungwe. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimtambua mtumishi na ujira wake, lakini matajiri wengi wa Lupa walichelewa kulipa.

Ukaenea mpango mwingine. Mtu aliachiwa achimbe katika kiwanja cha tajiri, na dhahabu aliyoipata alimuuzia tajiri huyo kwa bei iliyowekwa. Mshahara haukuwapo. Mwenye bahati aliweza kupata zaidi ya kibarua, na kwa nje alionekana mtu huru. Lakini kiwanja hakikuwa chake, mnunuzi alikuwa mmoja, na bei hakuipanga yeye. Akikosa dhahabu, njaa ilikuwa yake peke yake.

Wanazuoni wa fiqhi wamewagawa waajiriwa mafungu mawili. Yuko ajiri mahsusi, aliyejifunga kwa mtu mmoja kwa muda maalumu. Huyu hustahiki ujira kwa kuwa tayari kazini, hata kama tajiri hakumpa la kufanya. Na yuko ajiri mushtaraka, kama fundi cherehani, apokeaye kazi za watu wengi na kulipwa kwa kazi aliyoimaliza. Mchimbaji wa Lupa alifungwa kama wa kwanza, akalipwa kama wa pili. Hapo ndipo dhuluma ilipojificha.

Wala namna ya kulipa peke yake haitoshi kuwa hoja. Mchumaji chai wa Mufindi hulipwa kwa kilo, na hakuna amwitaye mfanyabiashara wa chai.

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, yaelekea huko huko. Mtu huhesabiwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kama haya: kazi yake au saa zake zaongozwa na mwingine, apewa vifaa vya kazi, amtegemea mtu huyo kwa riziki, au amtumikia yeye tu.

Sasa mrudie kijana wa bodaboda. Akiwa na pikipiki yake, ni huru kweli. Akiwa apeleka hesabu kila jioni, apate abiria asipate, hukumu yataka uangalifu: abiria huwachagua mwenyewe, lakini chombo si chake.

Basi, ewe mwenye mali, kabla hujamwita mtu mshirika, jiulize: Je, aweza kukataa bei yangu? Aweza kumtumikia mwingine? Hasara ikija, twaibeba sote? Ikiwa jibu ni hapana, huyo ni ajiri wako, na ujira wake ni deni shingoni mwako. Mikataba hupimwa kwa makusudio yake, na Mwenyezi Mungu ayajua yaliyomo vifuani.