Mgeni wa Tano

Huku kwetu Kasulu na Kibondo kuna msimu usiomo katika kalenda ya mkulima. Ligi ikishakwisha na maharage yakishaingia ndani, huanza msimu wa usajili. Viwanja ni vitupu na hakuna anayepiga mpira, lakini ndipo maneno ya mpira yanapozidi. Nani anaondoka? Nani anakuja? Nani atemwe? Katika vijiwe vya kahawa na kwa mafundi baiskeli, watu ambao hawajapata kuiona Dar es Salaam kwa macho hupanga vikosi vya Simba na Yanga kana kwamba wao ndio walipao mishahara.

Vijana hudhani ubishi huu umeletwa na simu. La hasha. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, ingawa Simba ililipata jina hilo mwaka 1971 tu, baada ya kuitwa Sunderland kwa miaka mingi. Huku milimani mapenzi hayo yalikuja na wasafiri: walimu, askari, makarani, na wazee wetu waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge. Baadaye yakaja matangazo ya Radio Tanzania, na kila mwenye redio akawa na baraza lake. Mgogoro wa miaka ya 1970 ulipoipasua Yanga, na wachezaji kadhaa wakatoka na kuanzisha Pan African, mzozo ule wa mjini ulibishaniwa hata mahali ambapo gazeti lilifika likiwa limepita mikono kumi.

Redio ile ile ndiyo iliyotuletea habari nyingine. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia mkoani kwetu. Mwezi uliofuata Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na ikafungwa mabao mawili nyumbani na Stella ya Abidjan. Nayakumbuka mambo haya mawili pamoja, kwa sababu yalizungumzwa pamoja. Mtu aliyetoka kumpa mgeni kibuyu cha maji alirudi kijiweni kuuliza nani asajiliwe ili Simba ipate kufunga mabao.

Nimeyaeleza hayo ili msomaji aelewe kwa nini usajili mmoja wa Desemba 2014 ulitugusa sisi kuliko ulivyowagusa watu wa pwani.

Mwaka 2013 Simba ilimchukua Amissi Tambwe, Mrundi aliyetoka Vital'O, timu iliyokuwa imetwaa Kombe la Kagame mwaka huo. Katika msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Desemba 21, 2013, Simba ilipoifunga Yanga 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, mawili yalikuwa yake. Katika lango la Yanga siku hiyo alisimama Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, ambaye Simba ilikuwa imemwacha mwaka huo baada ya kuidakia kwa miaka mingi. Mashabiki wa Simba wa huku wakajikuta wakimshangilia Mrundi anayemfunga mtoto wa nyumbani. Kijiweni kwetu mzee mmoja aliulizwa na mtani wake, "Sasa wewe mzee, ndugu yako hapo ni yupi?" Akajibu, "Wote. Lakini leo niache kwanza nifurahi."

Kisha likaja dirisha dogo la mwaka 2014. Kanuni ya wakati huo iliruhusu kila klabu wachezaji watano tu wa kigeni. Simba ilikuwa imeanza msimu kwa sare nyingi na Tambwe hakuwa akifunga kama awali. Viongozi wakamtaka Danny Sserunkuma, Mganda aliyekuwa akitamba na Gor Mahia ya Kenya. Ili huyu aingie, mwingine hana budi kutoka. Wakatoka Warundi wawili, Tambwe na Pierre Kwizera, na nafasi zote tano zikashikwa na Waganda. Yanga haikuchelewa, ikamchukua Tambwe.

Tulibishana mpaka mvua za Desemba zikatuingiza ndani. Wapo waliosema viongozi wamefanya sawa, kwani klabu si nyumba ya hisani, na mshambuliaji hupimwa kwa bao la jana. Wapo waliosema huwezi kumtupa mfungaji bora kwa sababu ya miezi mitatu mibaya. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Ila mimi niliona kwamba pande zote zilizungumza kana kwamba mtu ameshindwa, ilhali kilichokwisha ni viti. Kama kungekuwa na kiti cha sita, pengine hakuna ambaye angemtaja.

Yaliyofuata yanajulikana. Sserunkuma aliondoka Simba mwaka 2015. Tambwe alitwaa ubingwa na Yanga mara tatu mfululizo, na msimu wa 2015/16 akawa tena mfungaji bora, safari hii kwa mabao 21. Simba ilifungwa 2-0 Septemba 2015 na 2-0 tena Februari 2016, na mechi zote mbili aliifunga.

Lakini mwaka 2015 una habari yake nyingine. Kuanzia Aprili Burundi ilichafuka tena, na watu wakaja kwa makumi ya maelfu. Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika. Oktoba kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Katika vibanda umiza nikawasikia watu wakilalamika juu ya kuni na mashamba, na wakisema Warundi warudi kwao. Robo saa baadaye watu hao hao wakaruka juu kwa bao la Tambwe. Mwalimu mmoja mstaafu aliwauliza kwa upole, "Jamani, huyu naye arudi?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu ni wetu, mwalimu."

Malalamiko juu ya kuni yalikuwa ya kweli, wala siyadharau; mama anayekwenda mbali zaidi kutafuta kuni haambiwi kwamba anaota. Nilichojifunza ni jinsi neno "wetu" linavyotolewa. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Kwa ukoo na kwa lugha Tambwe na mwenzake wa kambini walikuwa karibu nasi sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja alifunga mabao, na mwingine alikuja na mkeka na watoto.

Mwaka huo wa 2015 shirikisho la soka lilipandisha idadi ya wageni kutoka watano hadi saba, na baadaye ikaongezwa tena. Yule aliyekuwa wa ziada Desemba angepata kiti miezi michache mbele, bila kuongeza bao hata moja. Ndiyo maana kila msimu wa usajili unapofika napenda kusikiliza ubishi wa vijana wetu. Nawaomba jambo moja tu. Wanaposema fulani hafai, waulize kwanza viti vilikuwa vingapi na nani aliyevihesabu. Atakayezoea kuuliza hivyo juu ya mshambuliaji, huenda siku moja akauliza vivyo hivyo juu ya jirani.