Ngome ya Merikebu: Yashan, 1279



Mtu wa kwetu akitaja Liuhua, aghalabu anakusudia nguo. Ni mtaa wa Guangzhou jirani na stesheni ya reli, wenye masoko ya jumla ambako wafanyabiashara wa Dar na Mombasa hufunga mizigo yao. Na kwa miaka mingi, hadi 2008, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yalifanyika hapo hapo. Nilipokuwa nikienda huko nilipenda kupita kwenye makaburi ya kale ya Waislamu yaliyo karibu. Wenyeji husema ati amelala hapo Swahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubali, nami niko upande wao. Lakini kwamba Waislamu wa baharini walikaa mji huu tangu enzi za Tang, hilo halina ubishi.

Sasa, kila tukizungumzia Uchina na pwani yetu tunaanza na Zheng He na twiga wa Malindi, kama vile kabla ya 1415 bahari ilikuwa tupu. Mimi naomba turudi nyuma, kwenye vita vilivyoimaliza dola ya Song, maana vilimalizikia majini, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Liuhua.

Wengi wanajua habari ya Xiangyang, ngome iliyohusuriwa na Wamongoli kwa karibu miaka mitano hadi 1273. Kilichoivunja ni mitambo ya kurushia mawe iliyojengwa na mafundi wawili Waislamu, Ismail na Alauddin, walioletwa kutoka nchi za Iraki na Uajemi. Mwaka 1276 mji mkuu, Hangzhou wa leo, ukasalimu amri. Wakuu wachache wakatoroka na watoto wawili wa kifalme, wakashika njia ya bahari kuelekea kusini.

Wakafika Quanzhou, bandari kubwa kuliko zote. Msimamizi wa biashara ya bahari pale alikuwa Pu Shougeng, mfanyabiashara tajiri wa asili ya Kiarabu au Kiajemi. Cheo hicho ndicho alichokuwa nacho zamani Zhao Rugua, aliyeandika mwaka 1225 juu ya nchi ya Cengba, yenye pembe za ndovu na ambari, ambayo wataalamu wengi huielewa kuwa ni pwani yetu ya Zanj. Watu wa Song, badala ya kumbembeleza Pu, wakanyang'anya merikebu na mali yake. Basi akawafungia milango, akawaua jamaa za kifalme waliokuwamo mjini, akaenda kwa Wamongoli. Wachina wengi humwita msaliti. Mimi naona alipiga hesabu ya mfanyabiashara, na ilikuwa hesabu ya damu. Tusimpambe kwa kuwa alikuwa Mwislamu.

Guangzhou nao ulitekwa, ukakombolewa, ukatekwa tena. Mtoto mkubwa akafariki 1278, mdogo wake Zhao Bing akatawazwa, na jemadari Zhang Shijie akaweka kambi Yashan, penye mlango wa mto, kusini-magharibi ya Guangzhou.

Mapema 1279 adui akaja. Tunasema "Wamongoli", lakini hebu tazameni: amiri wao, Zhang Hongfan, alikuwa Mchina wa kaskazini, na msaidizi wake Li Heng, aliyeshuka na kikosi kutoka Guangzhou, alikuwa Mtangut. Hata Zhang Shijie mwenyewe aliwahi kuwa askari chini ya baba yake Hongfan! Walishauriana upande wa Song: tuushike kwanza mlango wa ghuba, tukishindwa tupate pa kukimbilia. Zhang Shijie akakataa. Aliogopa kwamba askari waliochoka na bahari wakiona njia watatawanyika. Akachoma majumba ya pwani, akawapandisha wote chomboni, akafunga merikebu kubwa elfu moja na zaidi kwa minyororo, zikawa ukuta mmoja, na mfalme katikati. Kando akazipaka tope zisishike moto. Na kweli, adui alipoleta mashua za moto hazikufua dafu.

Lakini ukuta haunyweshi watu. Hongfan aliziba njia ya kwenda kuteka maji na kuni, akangoja. Siku kumi na zaidi watu walitafuna chakula kikavu bila maji matamu, wakaanza kunywa ya bahari, wakatapika, wakavimba. Wasomaji wa habari za Ngome ya Yesu, iliyohusuriwa na Waomani 1696 hadi 1698, watakumbuka kwamba huko nako maradhi yaliua kuliko panga. Ila ngome ya mawe haina budi kukaa ilipo. Ajabu ya Yashan ni nahodha kuvinyima vyombo vyake uwezo wa kwenda. Nahodha yeyote wa Lamu angeshika kichwa.

Tarehe 19 Machi, asubuhi, Li Heng akashambulia kutoka kaskazini maji yakipwa. Adhuhuri yalipojaa, Hongfan akaingia kutoka kusini. Alikuwa amesubiri maji kama mvuvi, na watu wa Song wakabanwa pande mbili, hawana nguvu hata ya kusimama. Jioni Zhang Shijie akakata minyororo, akachomoka na vyombo kumi na kitu. Baadaye dhoruba ikamzamisha. Waziri Lu Xiufu aliwatosa kwanza mkewe na watoto, kisha akambeba mgongoni mfalme, mtoto wa miaka 7, akaruka naye. Kitabu cha tarehe ya Song kinasema maiti zaidi ya laki moja zilielea. Tarakimu hiyo siwezi kuiapia.

Na biashara? Haikulala muda mrefu. Chini ya watawala wapya Pu Shougeng alipandishwa cheo, akapewa kazi ya kuwaita tena wafanyabiashara wa ng'ambo, na vyombo vya Bahari Hindi vikaendelea kutia nanga Quanzhou na Guangzhou.